Anzeni na ngozi ya mtoto, duka litafuata

Hotuba kwa wazazi na wazazi watarajiwa, Soweto, jijini Mbeya

Mwenyekiti wa kikundi, bibi zetu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokubali kuja Jumamosi asubuhi kusikiliza habari za nepi na soksi, ndaga fijo. Nimefurahi sana kuwaona akina baba. Fedha ya nguo za mtoto hutoka kwenye mfuko wa nyumba, na mara nyingi anayeushika mfuko huo hajui fedha inakwenda kununua nini.

Nimeombwa nizungumze juu ya mahali pa kununua nguo za watoto wachanga na wale wanaoanza kutembea. Najua wengi mnasubiri nitaje duka. Soko la Mwanjelwa au la Sido? Duka la kioo pale Kabwe au mtumba wa kuchagua kwenye turubai? Au yule dada wa Dar es Salaam anayeuza kwa picha za simu? Mimi ni fundi cherehani. Nguo za watoto hunifikia zipu ikiwa imekufa, lastiki imelegea, kifungo kimebaki kwenye uzi mmoja. Kazi hiyo imenizoeza kuitazama nguo kwa ndani, na kwa ndani nguo ya duka la kioo na nguo ya turubai hazitofautiani kama bei zake zinavyotofautiana.

Kwa hiyo sitawatajia duka moja. Ninachowaomba ni kuzipanga nguo za mtoto kwa jinsi zinavyoikaribia ngozi yake. Inayogusa ngozi ina mahali pake pa kununuliwa. Inayovaliwa juu yake ina pake. Sweta nalo lina pake. Mkishazipanga hivyo, swali la duka linakuwa jepesi, na fedha inatosha kuliko mlivyodhani.

Lakini kabla ya soko kuna kalenda. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela, kule kando ya Ziwa Nyasa, ni mita 500 hivi. Mama wa Uyole na mama wa Kyela wako mkoa mmoja, ila wakinunua nguo zilezile, mmoja wao atamtesa mtoto. Mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili au Mei, kisha inakuja baridi kavu ya Juni, Julai na Agosti. Makete na Njombe miezi hiyo asubuhi majani huwa meupe kwa barafu. Rungwe mvua haina mwenyewe, na nguo hukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka.

Sasa pigeni hesabu. Mtoto huzaliwa na urefu wa kama sentimita 50, na akitimiza mwaka anakaribia sentimita 75. Uzito wake wa kuzaliwa huwa mara mbili anapofika miezi mitano au sita, na mara tatu anapotimiza mwaka. Mtoto atakayezaliwa Desemba, ukimnunulia sweta zito la saizi ya mtoto mchanga, litabaki kabatini, maana baridi ya Juni itamkuta ana miezi sita na sweta halipiti hata begani. Huyo mnunulie vyepesi sasa, na sweta ununue la miezi sita hadi kumi na mbili. Mtoto atakayezaliwa Juni ndiye wa kununuliwa vizito vidogo, tena vichache, kwa sababu atavitumia wiki chache tu. Na anayeishi Tukuyu, hukohuko Rungwe, aongeze idadi ya nguo za kubadilisha kuliko sisi wa mjini. Kule kinachokwamisha ni kukauka. Hesabu hii haigharimu hata shilingi, na inaokoa fedha nyingi kuliko kuombana punguzo na muuzaji.

Tuje kwenye ngozi yenyewe, na hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko sisi. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta ya mwilini ni machache, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Ndiyo maana wakunga wanasisitiza akaushwe mara anapozaliwa, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na avishwe kofia. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Mtoto njiti anayelelewa kifuani kwa mtindo wa kangaruu huhitaji kofia, soksi na nepi, basi. Joto lingine lote linatoka kwa mama. Nayasema haya kwa sababu naona mama mjamzito anahangaika kutafuta ile seti ya boksi yenye vipande vingi na utepe wa satini, huku hana kofia mbili za pamba wala shali la kubadilisha. Seti ile ni nzuri ya kupigia picha. Vitakavyomfaa mtoto wiki ya kwanza ni kofia, vesti, soksi, nepi na shali, na vyote vinapatikana kimoja kimoja.

Hizi zinazogusa ngozi zinunueni mpya, ziwe chache, ziwe za pamba. Meza ndogo ya Mwanjelwa inatosha kabisa, mradi muuzaji akuruhusu kuigeuza nguo na kuipitisha kidole ndani. Muuzaji anayekunyang'anya vesti mkononi kwa sababu umeigeuza, mwache na vesti yake. Tazama mshono wa begani na wa ubavuni: je, uzi ni mgumu, unachoma? Lebo imeshonwa shingoni kwa uzi wa plastiki? Ikate ukifika nyumbani, na mabaki yake uyatoe yote. Soksi zigeuze kabisa. Uzi mrefu uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu wa mtoto na kukaza mpaka damu isipite, na mtoto hawezi kukuambia, atalia tu. Mtoto akilia bila sababu unayoiona, mvue soksi umtazame vidole.

Mtajuaje kwamba ni pamba? Lebo nyingine zinadanganya. Sisi mafundi tunachomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuchoma. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kujikunja kuwa punje ngumu nyeusi. Kama hutaki kuchoma, ukifika nyumbani dondoshea tone la maji: pamba hulinywa, ile nyingine mara nyingi huliacha likae juu kwanza. Jasho la mtoto nalo hufanyiwa hivyohivyo, na ngozi iliyolowa kwenye baridi ya Igawilo ndiyo inayomtetemesha.

Wapo wenye uwezo mdogo wanaodhani kipya maana yake ni ghali. Kanga ya zamani, iliyofuliwa mpaka imelainika, ni nepi bora kuliko nyingi za dukani, kwa sababu imeshatoka wanga na inanyonya maji. Kanga mpya ni ngumu na haishiki mkojo. Waombeni bibi zenu. Au nunua mita chache za flaneli ya pamba uje kwa fundi yeyote mtaani kwako, akukatie nepi na mashuka madogo, akupige overloki pembeni. Hapo unajua kitambaa ni nini na kimepita mikononi mwa nani. Na kiwe kipya namna gani, kifueni kabla ya kuvaliwa. Nguo mpya nyingi huwa na rangi iliyobaki na dawa za kuzuia mikunjo, fomaldehaidi ikiwemo, ambazo hazimfai mtoto wa siku tatu.

Kuhusu mtumba kwenye safu hii jibu ni fupi. Nguo za ndani za mtumba zimepigwa marufuku nchini na Shirika la Viwango, TBS. Mkiziona zimemwagwa sokoni, kuwepo kwake hakuzihalalishi. Msinunue.

Sasa tupande safu ya pili: suruali, magauni, makoti, ovaroli, nguo za kulalia za kuvaa juu ya vesti. Hapa mimi ni mtu wa mtumba bila kificho. Mtumba ulienea nchini baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na tangu hapo umevalisha watoto wengi wa nchi hii kuliko kiwanda chochote. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa hatua kwa hatua. Marekani ikaja juu kwa kitisho cha kufunga mlango wa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikaendelea na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Mimi natamani kuona pamba ya Simiyu na Shinyanga ikigeuzwa vesti za watoto hapahapa, badala ya sehemu kubwa yake kusafirishwa ikiwa ghafi. Hilo nalitamani kwa moyo wote. Lakini leo mama ana mtoto wa miezi minane na baridi inakuja.

Uzuri wa mtumba wa watoto ni huu. Mtoto wa Ulaya huikimbia nguo kabla haijachakaa, kwa hiyo nguo nyingi kwenye belo la watoto zimevaliwa muda mfupi. Tena imeshafuliwa, kwa hiyo iliyokuwa ya kusinyaa imesinyaa na iliyokuwa ya kuchuja rangi imechuja. Unachokiona ndicho utakachokuwa nacho. Nguo mpya ya bei ya chini hukupa hofu hizo mbili zote.

Ubaya wake uko kwenye vitu vidogo, na nitavitaja kwa sababu watoto wanaumia. Cha kwanza, kamba. Koti la mtoto lenye kamba kwenye kofia au shingoni linaweza kunasa kwenye kitasa, kwenye kitanda, kwenye mnyororo wa bembea, likamnyonga. Ulaya wameweka kiwango kinachokataza kamba za namna hiyo kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wadogo, lakini belo huchanganya nguo za zamani na mpya, na zilizotengenezwa bila kujali kiwango chochote. Kamba ivuteni itoke yote, palepale sokoni, kabla ya kulipa. Kama imeshonewa, nileteeni niikate. Cha pili, vifungo. Shika kifungo, kivute kwa nguvu ambayo mtoto angeivuta kwa meno yake. Kikicheza, kitoe ushone upya, au chagua nguo nyingine. Shanga, maua ya plastiki, macho ya wanyama yaliyogundishwa kifuani: mtoto wa chini ya miaka mitatu hupeleka kila kitu mdomoni, na kitu kidogo kama kile ndicho kinachoziba koo. Cha tatu, zipu. Ipandishe hadi juu utazame kama ina kifuniko kidogo cha kitambaa pale kidevuni. Isipokuwa nacho, itamchuna.

Na mnapochagua nguo ya kuvaa kichwani, tafuteni ile yenye mabega yanayopishana kama bahasha. Yale mabega yana kazi: mtoto akichafuka mpaka mgongoni, nguo inavuliwa kwa kushushwa miguuni, bila kupitisha uchafu usoni pake. Mama mmoja alinikuta nayashona yasipishane kwa kudhani nguo imechanika, akanizuia kwa wakati. Namshukuru mpaka leo.

Namba za nguo zinawachanganya wengi. Lebo ikiandikwa 62, 68, 74 au 80, hizo ni sentimita za urefu wa mtoto, kutoka utosini hadi kisiginoni. Mtoto wa miezi mitatu wa wastani ni 62 hivi, wa miezi sita 68, wa mwaka 80 itamtosha na kubaki kidogo. Ikiandikwa miezi, isikuhukumu, kwa kuwa miezi ya mtengenezaji mmoja siyo ya mwingine. Mpimeni mtoto amelala, mwandike urefu nyuma ya kadi ya kliniki, na mwende sokoni na futi ya fundi. Mtoto asibebwe kupelekwa kujaribishwa nguo kwenye vumbi na msongamano.

Kuhusu Sido na Mwanjelwa, mnajua wenyewe historia. Mwanjelwa iliungua mwaka 2006, wafanyabiashara wakahamia Sido, na Sido nayo imeungua zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ninaposema mzoeeni muuzaji, namaanisha mtu, siyo kibanda. Muulizeni anafungua belo la watoto siku gani. Belo ni kilo 45 hivi, na anayefika linapofunguliwa huchagua kwa nafasi kabla wachuuzi wenzake hawajaondoka na yaliyo bora. Akishakujua kwamba unatafuta namba 74 na hutaki kamba, atakuwekea pembeni. Uhusiano huo una thamani kuliko punguzo lolote.

Ukishanunua mtumba, usimvalishe mtoto njiani. Loweka, fua kwa sabuni na maji ya moto, anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili, ndani na nje, hasa kwenye mishono. Vimelea vya upele huishi siku chache tu nje ya mwili wa binadamu na hufa kwa joto. Pia yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na mabuu yake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Pasi inaua mayai hayo. Anayesema nguo ya mtoto haina haja ya pasi hajawahi kumuuguza mtoto mwenye jipu la namna hiyo.

Na hapa nina jambo ambalo nataka kila mtu alibebe kwenda nalo nyumbani. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, mnavyoweka kwenye sanduku ili wadudu wasile nguo, vina naftalini. Msiviweke kamwe kwenye nguo za mtoto mchanga. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu. Mtoto wa namna hiyo akivuta au kugusa naftalini, chembe nyekundu za damu yake hupasuka, anapata manjano kali na anaweza kufa. Kwa macho huwezi kumjua ana upungufu huo au hana. Bibi zangu, najua sanduku la nguo za wajukuu limekuwa likitunzwa hivyo kwa upendo. Zitoeni nguo, zifueni, zianikeni juani mpaka harufu iishe kabisa, na vidonge vitupwe mbali na watoto.

Safu ya tatu ni sweta. Hapa nawapeleka kwa wafumaji wetu. Nyanda za juu kusini tuna akina mama wanaofuma kwa mkono na kwa mashine, Njombe, Makete, Iringa na hapa mjini, na sweta la kuagiza lina faida moja ambayo duka halina: linafumwa kwa ajili ya mtoto anayebebwa mgongoni. Fikirini. Nguo nyingi za kununua zimetengenezwa kwa mtoto wa kwenye kigari. Akifungwa mbeleko, suruali hupanda hadi magotini, miguu inabaki nje kwenye upepo wa Julai, na vifungo vya kifuani vinamkandamiza kati yake na mgongo wa mama. Mwambie mfumaji aweke vifungo begani, arefushe mikono iwe ya kukunja, na akufumie soksi za kufika juu ya goti. Mikono ya kukunja itakupa msimu wa pili wa baridi. Kubeba mgongoni kwenyewe endeleeni nako: miguu iliyopanuka kuzunguka kiuno cha mama hukaa vizuri kwa nyonga. Kinachodhuru nyonga ni kumfunga mtoto shali miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa.

Msizidishe, lakini. Mtoto wa mgongoni anapata joto la mama, juu yake sweta, juu yake mbeleko, na wengine wanaongeza blanketi la manyoya. Mguse nyuma ya shingo. Akiwa na jasho, punguza safu moja. Mikono ya mtoto kuwa baridi ni kawaida, isikutishe.

Akina baba, hili ni lenu. Nyumba nyingi zinazokosa sweta huingiza jiko la mkaa chumbani usiku. Moshi unaoua kutoka kwenye mkaa hauonekani na hauna harufu, na mtoto hulala nao bila kuamka. Zaidi ya hapo, vile vitambaa laini vya manyoya ya poliesta huyeyuka vikiguswa na cheche na kuganda kwenye ngozi. Gunia moja la mkaa mlilopanga kwa ajili ya chumba, geuzeni liwe sweta na shali.

Wanaonunua kwa simu kutoka Dar es Salaam na kupokea mzigo stendi, mimi siwakatazi. Mwombeni muuzaji video ya upande wa ndani wa nguo, na vipimo kwa sentimita. Akikataa kimoja kati ya hivyo, hela ibaki kwenye simu, kwa sababu mzigo ukishapanda basi kuurudisha ni gharama juu yako. Duka la kioo linafaa pale linapokubali kubadilisha saizi ukirudi na risiti. Ulizeni hilo kabla ya bei.

Viatu: mtoto asiyetembea hahitaji viatu, soksi zinatosha. Anayeanza kutembea, ndani ya nyumba aende peku au na soksi zenye mpira chini kama sakafu ni ya baridi. Vya nje vinunueni vipya ikiwezekana, kwa sababu kiatu kilichovaliwa kimeshakunjwa kwa mguu wa mtoto mwingine.

Nimeleta nguo kadhaa, ziko kwenye meza ile karibu na dirisha, nyingine mpya na nyingine za mtumba, zimechanganywa. Njooni tuzigeuze pamoja, mniambie ipi mngeinunua na ipi mngeirudisha. Mama mwenye kitenge cha kijani, nimeona mkono wako uko juu tangu nilipotaja naftalini. Simama tafadhali, uliza.